Kiungo si pingili

Mwanafunzi wa ufundi wa mitambo kutoka Morogoro anauliza: "Mwalimu anasema mtambo wa kanyagio la cherehani una viungo vinne. Nikihesabu naona vyuma vinne, na naona pia mahali panne ambapo vyuma hivyo hukutana na kugeuka. Kiungo ni kipi?"

Kiungo ni pale vyuma vinapokutana na kugeuka. Chuma chenyewe si kiungo, na namshukuru mwanafunzi huyu kwa kuuliza, kwa kuwa suala hili limenikera kwa miaka mingi.

Neno kiungo limetokana na kitenzi -unga, na ni ndugu wa muungano. Limezoea kubeba mizigo mingi: mgonjwa husema viungo vinamuuma akimaanisha magoti na viwiko, mwalimu wa baiolojia huita moyo na ini viungo vya mwili, na mpishi hutia viungo kwenye pilau. Kote huko sina ugomvi, maana msikilizaji hapotei. Ugomvi wangu ni na wanaoandika maelezo ya mitambo, ambao katika ukurasa mmoja huita kiungo fimbo ya chuma na pia pini inayoishika fimbo hiyo, kana kwamba mfupa wa paja na goti ni kitu kimoja.

Tuinamie chini ya meza ya cherehani ya miguu. Kuna fremu ya chuma iliyosimama sakafuni. Kuna kanyagio linalopanda na kushuka. Kuna fimbo inayosimama kutoka kwenye kanyagio. Na kuna gurudumu kubwa, ambalo urefu wake kwa kazi hii ni ule umbali mfupi tu kati ya kitovu chake na pini inayoshika kichwa cha fimbo. Hivyo ni vipande vinne, na fremu ni kimojawapo ingawa haisogei. Sasa hesabu panapogeuka: fremu na kanyagio, kanyagio na fimbo, fimbo na gurudumu, gurudumu na fremu. Ni panne. Fundi anapoanza kushona huligeuza kwanza gurudumu dogo la juu kwa mkono, kwa sababu mara mbili katika kila mzunguko fimbo na ile pini hunyooka katika mstari mmoja na kitovu, na hapo mguu ukikanyaga kwa nguvu zote gurudumu halianzi kuzunguka. Likishashika kasi, uzito wake wenyewe hulivusha. Jaribu kumweleza mwanafunzi jambo hilo kwa kusema "kiungo kimenyooka na kiungo", uone kama atakuelewa.

Kosa hili limedumu kwa sababu vipande vinne vilivyofungwa kwa mduara hutoa maungio manne, yaani viungo kwa maana yake halisi, hivyo aliyechanganya maneno hupata jibu sahihi kwa bahati. Ongeza vipande, bahati inakwisha. Mtambo wa aina ya James Watt, yule mhandisi wa injini ya mvuke, una vipande sita na maungio saba. Kanuni ya kujua una miendo mingapi iliyo huru ni hii: toa 1 kwenye idadi ya vipande, zidisha kwa 3, kisha toa maungio mara 2. Kwa mtambo huo ni 15 kutoa 14, yaani mwendo 1: ukisukuma kipande kimoja, vingine vyote vinafuata. Mwanafunzi aliyebadilisha hesabu zile mbili kwa sababu zote zimeitwa viungo atapata 18 kutoa 12, yaani 6, na mtambo wake wa karatasini utalegea kama mnyororo.

Wala hatuna upungufu wa maneno. Kila mtoto aliyetafuna muwa anajua kwamba kati ya kifundo na kifundo kuna pingili, na madaktari wetu husema pingili za uti wa mgongo. Kipande kigumu cha mtambo ni pingili. Kwa neno hilo hata kanuni ya Mjerumani Grashof inasemeka bila kigugumizi: katika mtambo wa pingili nne, urefu wa pingili fupi kuliko zote na wa ile ndefu kuliko zote ukijumlishwa usizidi jumla ya zile mbili zilizobaki, ndipo pingili fupi itakapoweza kuzunguka duara zima. Mwenye kusema "kiungo kifupi" anieleze tundu la pini lina urefu gani.

Wapo pia wanaouita mtambo mzima "muunganisho wa kimitambo". Muunganisho ni tendo la kuunganisha, na tendo hilo lilikwisha siku fundi alipokaza nati.

Mafundi wa gereji nawasamehe mikopo yao yote ya maneno. Wao husema tairodi kwa kile chuma kirefu na boljointi kwa pale kinapogeukia, na sijawahi kumsikia hata mmoja akiagiza kimoja akitaka kingine.