Maswali ya Wasomaji: Mbona Pichani Sijipendi?

SWALI: Pokea salamu zangu, Mhariri. Ninatarajia kufunga ndoa baada ya Idi na mpigapicha amekwisha kulipwa, lakini tangu utotoni ninaikimbia kamera. Kwenye kioo sijioni kuwa na kasoro; pichani pua inakuwa kubwa, tabasamu linakakamaa na macho ni ya mtu aliyeshtuka. Nifanyeje? — Bibi harusi mtarajiwa, Tanga

JIBU: Hongera sana, dada yetu. Nianze na kioo, maana humo ndimo unamojilinganisha. Kioo hukuonyesha uso uliogeuzwa, kulia kukiwa kushoto, nao ndio uliouzoea maisha yako yote, ilhali picha hukuonyesha uso ambao mama yako na mchumba wako wanauona kila siku. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha watu picha zao za namna hizo mbili. Wengi walipendelea ile inayofanana na kioo, na marafiki zao wakapendelea ile nyingine. Sehemu ya kile unachokiita kasoro, basi, ni ugeni wa macho yako tu, na wanaokupenda hawana ugeni huo.

Pua nayo ina sababu yake, ambayo ni umbali. Simu ikishikwa sentimita 30 kutoka usoni, pua huwa karibu zaidi na lenzi kuliko masikio, kwa hiyo hukuzwa; utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikadiria kwamba kwa umbali huo pua huonekana kubwa kwa takriban asilimia 30 kuliko inavyoonekana katika picha iliyopigwa kwa mita moja na nusu. Mwombe mpigapicha asimame mita mbili au zaidi, na usiihukumu sura yako kwa selfi.

Kuhusu tabasamu, daktari Mfaransa Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba msuli wa mdomo hutii amri, lakini ule unaolizunguka jicho huitikia furaha ya kweli. Ukiambiwa “tabasamu!” utatii kwa mdomo peke yake, na macho yatabaki yalivyo. Afadhali somo yako, au dada mnayechekeshana, asimame nyuma ya mpigapicha akuzungumzishe, nawe umjibu kwa maneno badala ya kuganda ukingoja kitufe kibonyezwe.

Mwili hutulia ukipewa kazi. Mpigapicha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwawekea wateja saa, redio, kalamu na hata pikipiki, na ukutani alitundika picha za mfano ili mtu achague mwenyewe namna ya kukaa. Naamini utulivu unaoonekana katika nyuso zile umetokana kwa sehemu kubwa na uchaguzi huo: mtu hakuwekwa, alijiweka. Fanya vivyo hivyo. Kutana na mpigapicha kabla ya siku yenyewe, mwonyeshe picha unazozipenda, na mikono yako ishike ua, ushungi au mkono wa bibi yako.

Mweleze pia mambo mawili ambayo mabibi harusi wengi huona haya kuyasema. La kwanza ni mwanga. Jua la utosi hujaza vivuli machoni, hivyo chagua saa kumi na moja jioni, au baraza yenye kivuli. Na kwa kuwa gauni jeupe huidanganya kamera hata ikaufanya uso kuwa mweusi kupita kiasi, apime mwanga usoni pako, si kwenye nguo. Usikubali kabisa kung'arishwa ngozi kwa kompyuta baadaye, kwani wajukuu wako wana haki ya kukuona ulivyokuwa. La pili ni stara. Ikiwa usiku wa hina ni wa wanawake pekee, dai mpigapicha mwanamke, na mkubaliane kwa maandishi ni picha zipi hazitawekwa mtandaoni. Hakuna mbinu ya kukaa wala kutabasamu itakayomtuliza mtu asiyejua picha yake itaishia wapi.

SWALI: Ninafundisha Hisabati na nimeanza kurekodi vipindi kwa simu. Darasani siogopi wanafunzi tisini, lakini nikianza kurekodi ninasahau nilichokiandaa, na sauti yangu nikiisikiliza ninaichukia. — Mwalimu, Kigoma

JIBU: Mwalimu, darasani nyuso za wanafunzi hukuambia papo hapo wapi umeeleweka na wapi umewaacha, ilhali lenzi haikurudishii chochote. Mketishe mwanafunzi mmoja nyuma ya simu, umfundishe yeye, simu ikiwa usawa wa macho yako. Ikiwa unatumia kamera ya mbele, funika sehemu inayoonyesha sura yako kwa kipande cha karatasi, kwa sababu anayejitazama huacha kufundisha akaanza kujikagua. Sauti yako mwenyewe huyafikia masikio yako kwa njia ya hewa na pia kupitia mifupa ya fuvu, ambayo huiongezea uzito; kinasa sauti huchukua ile ya hewani pekee, na ndiyo ambayo wanafunzi wako wameizoea. Rekodi vipindi vifupi, na ukikosea hesabu usianze upya: isahihishe hapo hapo ubaoni, kama unavyofanya darasani.