Kufuli tatu za kikoba

SWALI: Habari mhariri, mi msomaji wa Mbagala Rangi Tatu. Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, mi nasema serikali nzuri ni kupata viongozi wenye hofu ya Mungu basi, mwenzangu anasema hata umweke nani, usipomchunga atakula tu. Nani yuko sahihi? Mana binadamu nae hasomeki, ijumaa anatoa sadaka jumamosi anadhulumu.

JIBU: Ndugu yangu mwenzako kakuzidi kidogo, ila usimwambie leo. Mama yangu mdogo yuko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana hela, huku Temeke, sanduku lao lina kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, afu anaelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao linafunguliwa mbele ya wote hela inahesabiwa kwa sauti. Sio kwamba hawaaminiani, hao wamezikiana na wamechezeana ngoma, ila wanajua ada za januari zinavyomfanya mtu mwema aanze kuliangalia sanduku kwa jicho jingine.

Marekani James Madison, mmoja wa walioiandika katiba yao, alisema kitu kama hicho mwaka 1788 akiitetea, kwamba watu wangekuwa malaika serikali ya nini, so tamaa ya mkubwa mmoja izuiwe na tamaa ya mkubwa mwingine.

Sisi njia yako tumeijaribu. Azimio la Arusha 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, kuwa na hisa, kula mishahara miwili. Mi binafsi nalipenda mpaka kesho, ila kule ni kumwambia mtu asitamani, na 1991 kule Zanzibar chama tawala, CCM, kikalegeza masharti. Ukomo wa urais umeshika zaidi, vipindi viwili basi, Mwinyi katoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015, wala hatukuhitaji kujua nani anakipenda kiti na nani hakipendi. Na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndo hivohivo, anakagua, ripoti inapita kwa Rais inaenda bungeni.

Sasa kufuli nazo zina shida zake. Mwaka jana mtoto wa mwanachama kalazwa usiku, hela ya mfuko wa jamii ipo, mshika ufunguo wa tatu yuko msibani Mkuranga simu haipatikani, watu wamekaa wanaliangalia sanduku kama televisheni iliyozimika. Toka siku hiyo laki moja inakaa kwa katibu bila kufuli, hapo wameamua kumwamini mtu, na hapo ndo hofu yako ya Mungu inapofanya kazi.

Afu washika funguo wakiwa mashosti watatu, hiyo ni kufuli moja tu. Wameshalishtukia hilo, mwaka huu wamepitisha funguo zisikae ukoo mmoja, mama mdogo kakosa wa kwake kwa sababu dada yake, yaani mama yangu, tayari anao, na mpaka naandika hapa hawajasalimiana.