Daktari, mpaka lini? Niliyojifunza katika miaka minne ya kusafishwa damu

Siku ya tatu tangu niwekewe mpira shingoni, nilimwuliza daktari, "Mpaka lini?" Nilitegemea kusikia wiki mbili, labda mwezi. Akavuta kiti, akakaa. Akaniambia figo zangu zote mbili zimeshindwa kazi na hazitarudi, kwa hiyo nitasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mpaka nitakapopandikizwa figo ya mtu mwingine. Na nisipopandikizwa, basi ni hivyo hivyo siku zote. Nilikuwa na miaka 41, nafundisha darasa la tatu hapa Dar es Salaam. Presha nilikuwa nayo tangu mimba ya pili. Kichwa kikiuma nilimeza dawa, kikitulia niliziacha.

Huu ni mwaka wa nne. Nimekaa kwenye kile kiti cha mashine zaidi ya mara 500. Wanaoanza huniuliza habari za sindano na chakula, nami huwajibu: ndizi na dafu tuviogope kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zikishindwa hujaa kwenye damu na kudhuru moyo, viazi vichemshwe na kumwagwa maji mara mbili, chumvi isahaulike. Wananisikiliza, lakini machoni naona swali ambalo bado halijatoka, lile lile nililouliza mimi.

Miezi ya mwanzo kilichoniumiza zaidi kilikuwa kusubiri. Kila aliyekuja kunijulia hali alisema, "Utapona tu, mwalimu," nami niliamini, nikalala na furaha, halafu Jumanne naamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu ya kwanza na mashine iko pale pale. Mama mkwe alileta maji ya dua, nikanywa kwa heshima yake na kwa imani yangu. Jirani alileta unga wa mizizi. Huo nilimwonyesha daktari kwanza, akaniomba nisiuguse, kwa kuwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hana njia ya kutoa sumu akiila. Siwalaumu waliosema nitapona. Ndivyo tulivyofundishwa kumpa mgonjwa pole. Ila mimi nililishikilia neno lile mpaka nikawa kama msafiri aliyelala stendi na mizigo yake, anaogopa kuifungua asije akaachwa na basi. Nilikataa kushonewa dera la Idi. Mchicha nyuma ya nyumba niliuacha ukakauka. Nikajitoa kwenye upatu wa mtaani. Kila jambo jibu langu lilikuwa "nikishapona".

Aliyenitoa stendi ni kijumbe wetu, mama anayekusanya pesa za upatu. Alikuja jioni moja na daftari lake, akakaa kwenye mkeka, akasema mzunguko mpya unaanza, watu kumi, elfu hamsini kila mwisho wa mwezi. Nikamwambia, "Dada, mimi ni mgonjwa." Akajibu, "Najua. Nimekuandika namba tisa."

Nilikasirika sana. Mtu asiyejua kama ataiona Idi unamwandika namba tisa? Usiku nililia, mume wangu akanisikiliza bila kusema neno. Asubuhi nikatoa elfu hamsini. Sijui hasa kwa nini. Nadhani nilitaka kumwonyesha kwamba nitashindwa. Mwezi wa pili nikatoa tena, wa tatu tena, na kila nilipotoa nilijikuta nawaza pesa ile nitaifanyia nini. Mwezi wa tisa zikaja laki tano zangu. Nikamnunulia binti yangu godoro, tranka, ndoo na shuka, akaenda bweni kuanza kidato cha kwanza. Nilimsindikiza mpaka getini siku ya Jumatatu, kwa sababu siku zangu za mashine ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili. Jiandikishe kwenye kitu chenye tarehe ya mbele. Kiwe kidogo: upatu, kuku wa mayai, kozi ya ushonaji, kusoma juzuu moja. Usingoje moyo utulie ndipo uanze, maana wangu ulitulia baada ya kuanza. Na ukubali kuandikwa namba tisa.

Mwezi wa saba wa matibabu, kabla ya upatu huo, mtoto wa dada yangu aliolewa Tanga. Nikaruka mashine ya Jumamosi. Nilisema ni kwa ajili ya harusi, lakini ukweli nilitaka siku moja tu nisiwe mgonjwa. Nikavaa nikapendeza, nikala pilau, nikanywa sharubati glasi mbili na maji bila kupima. Jumapili usiku nikashindwa kulala chali. Kila nikilala pumzi inakata, nikikaa napata nafuu kidogo. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Nilirudishwa hospitali nikiwa nimewekewa oksijeni, na uso wa mwanangu mdogo siku ile bado ninao. Tangu hapo, nikijisikia kutaka kuruka siku, namwambia sista waziwazi: "Sista, leo nimechoka na mashine yenu, nilitaka nisije." Hajawahi kunigombeza. Mara mbili alinitafutia nafasi siku moja kabla ili niende kwenye shughuli yangu. Hasira ikisemwa inapata dawa. Niliyoificha mimi ilinipeleka kwenye oksijeni.

Kiu ni mtihani wa peke yake. Mimi naruhusiwa nusu lita kwa siku na kidogo zaidi, pamoja na chai na mchuzi. Dar es Salaam, mwezi wa pili, nusu lita! Lakini kilichonichosha kuliko kiu ni kulindwa. Mume wangu alikuwa ananiuliza, "Umekunywa ngapi?" na watoto wakawa askari. Nikaanza kunywa kwa siri bafuni, mama mzima. Tuliongea usiku mmoja mpaka tukaelewana: asubuhi napima maji yangu yote kwenye chupa moja, chupa inakaa mezani, na hakuna anayeuliza. Yeye anaiona, nami naiona. Ikibaki kidogo nanyonya kipande cha barafu au nasukutua kwa maji ya limau. Wewe unayemhudumia mgonjwa, nakuomba kwa moyo wangu wote umwachie chupa yake. Ukimlinda kama mtoto utamtia aibu, na aibu hunywa maji mengi kuliko kiu.

Kuna neno moja lilinitesa bure, wacha niliseme. Daktari aliposema nitawekewa fistula nilitoka nje nikalia. Mimi ni mwanamke, na fistula niliyoijua ni ile ya kuvuja mkojo baada ya uzazi. Kumbe hii ni mshipa unaorudisha damu kwenye moyo na ateri, ule unaoitoa, vinaunganishwa mkononi ili damu ipite kwa kasi na sindano ipate mahali pa kuingia. Ilichukua karibu miezi miwili kukomaa. Leo usiku nikikosa usingizi naweka kiganja juu yake nasikia inavyotetema, ndivyo ninavyojua iko salama. Mkono huo haupimwi presha wala haubebi ndoo. Uliza maana ya kila neno unaloambiwa, hata kama foleni ni ndefu.

Sasa nije kwenye figo ya ndugu, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoumizana. Tangu Novemba 2017, Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, watu wetu wanajua jambo hilo linawezekana hapa nyumbani, si India peke yake. Kwa hiyo kila mgeni huuliza, "Ndugu zako wanasemaje?" Sisi tuko watano. Dada yangu mkubwa alikwenda kupimwa kabla sijamwomba, akakutwa na presha, akaambiwa hafai. Alilia kuliko mimi. Kaka yangu aliahidi mbele ya wazee, akapangiwa siku ya vipimo, hakuja. Simu haikupokelewa wiki tatu.

Mwaka mzima nilimchukia. Niliamka naye, nikalala naye. Nilihesabu ada nilizomlipia alipokuwa sekondari. Nikiwa kwenye mashine nilikuwa namtungia maneno ya kumwambia, na sista akanionyesha presha yangu inavyopanda saa ya pili bila sababu. Mume wangu ndiye aliyeniambia neno nililohitaji: "Mama Zuu, ungeomba elfu kumi akakunyima ungemsamehe. Umemwomba kiungo cha mwili wake, kwa nini deni hili ndilo lisilosameheka?" Kaka alikuwa na hofu. Mke wake alikuwa na hofu zaidi, ana watoto wadogo. Nikampigia mimi. Sikutaja figo kabisa, nikamwuliza hali ya mama. Akalia kwenye simu. Siku hizi ndiye anayenipeleka Jumamosi kwa bodaboda yake. Sijapata figo, na bado naiomba kwa Mungu, lakini kaka ninaye. Ushauri wangu: sema hali yako mara moja, kwa wote, kupitia mtu mzima wa ukoo, kisha nyamaza. Usimkabili mtu mmoja mmoja. Aliyeogopa mpe nafasi ya kurudi akiwa bado ndugu yako.

Kwa Waislamu wenzangu, Ramadhani ya kwanza itakuuma. Mimi nilijificha chumbani nimeze dawa za mchana wasinione watoto niliowafundisha mwenyewe kufunga. Shekhe wa msikiti wetu alinisomea aya zile zile zinazotuamrisha kufunga, akaendelea mpaka penye fidia ya kulisha masikini kwa asiyeweza. Ndani ya amri imo ruhusa, akaniambia. Sasa kila siku ya Ramadhani futari ya bibi mmoja wa jirani inatoka jikoni kwangu. Naipika mwenyewe, tambi au magimbi nisiyoweza kula, na saa ya adhana najisikia nimo.

Kiti cha dirishani alikaa mzee mmoja mvuvi, mtu wa Feri, kule soko la samaki. Ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi, ndiye aliyeniambia misuli ikikaza nikanyage chini kwa nguvu na nimwite sista mapema. Jumamosi moja nikakuta kijana mgeni kwenye kiti chake. Hakuna aliyesema kitu. Wote tulijua, tukaangalia televisheni saa nne nzima. Nilirudi nyumbani nikiwa na woga wa ajabu, si wa kufa tu, bali wa kufa bila kutajwa. Alhamisi iliyofuata nikauliza kwa sauti, "Sista, mzee wangu yuko wapi?" Akasema. Tukasoma Fatiha, wenzetu Wakristo wakasali, kijana mgeni naye akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo zamu yetu haifichi msiba. Wengine wanaona hilo linatisha wagonjwa wapya. Mimi naona kimya kinatisha zaidi.

Usichanganye uzito wa moyo na upungufu wa damu. Figo ndizo zinazouambia mwili utengeneze damu, hivyo sisi damu hupungua, na mtu huchoka mpaka akaitwa mvivu. Damu yako ipimwe kwanza, sindano za kuongeza damu zipo. Lakini kama damu ni nzuri na bado wiki mbili mfululizo hulali, chakula hakipiti, watoto hawakuchangamshi, au unawaza bora ufe, hiyo ni sonona na inatibika. Mwambie daktari wako maneno hayo hayo bila kuyapunguza. Omba pia kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mimi nilidhani ni wa watu wasio na pesa tu, kumbe kukaa na kusikiliza ni kazi yake. Nilikwenda mara sita.

Daktari mmoja kijana alinisimulia habari za mashine hizi, na huwa nazikumbuka nikichoka. Willem Kolff aliiunda ya kwanza Uholanzi mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Lakini kwa miaka mingi haikuweza kumfaa mgonjwa kama mimi, kwa sababu kila kusafishwa kulimaliza mshipa mmoja, na mishipa ikiisha basi. Mwaka 1960, Seattle, Marekani, Belding Scribner akaweka mrija wa kubaki mkononi, na fundi mitambo aitwaye Clyde Shields akaishi kwa mashine miaka 11, mpaka 1971. Namfikiria sana mtu huyu. Alipouliza mpaka lini, duniani hapakuwa na mgonjwa mwenzake wa kumjibu. Mimi nilikuwa na mzee wa Feri.

Kama unaanza wiki hii, beba kitenge kizito au blanketi, maana damu ikirudi kutoka mashineni inatia baridi hata Dar. Vaa nguo yenye mkono unaopanda kirahisi. Kula kidogo kabla. Baada ya mashine usipange kitu, lala; kesho yake ndiyo siku yako. Na ukiingia chumbani usitafute kiti cha pembeni. Kaa karibu na mtu aliyekaa pale miaka mingi, umsalimie, umwulize jina lake.