Nywele zangu zimegoma kurefuka: jibu kwa dereva bodaboda wa Makambako

Swali: Habari za kazi, dada. Nina miaka 27, naendesha bodaboda hapa Makambako. Nafuga nywele mwaka mmoja na nusu sasa, ni za kipilipili na sijawahi kuweka dawa. Zilipofika vidole vinne zikagoma, na kisogoni na juu ya masikio ndiyo fupi zaidi. Nimemaliza chupa tatu za mafuta ya nyonyo, sioni kitu. Kila asubuhi nazilowesha maji kabla ya kwenda kijiweni. Je, kuna mafuta ya kukuza, au ni damu yangu tu haikubali nywele ndefu?

Jibu: Nzuri, mdogo wangu. Damu yako haina kosa. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa wengine zaidi kidogo. Kwa miezi 18 kichwa chako kimeshatoa mara mbili ya hivyo vidole vinne. Tatizo ni kwamba zinakatika huku zinakua.

Kwanza niambie, ulipimaje? Unywele wa kipilipili hujikunja kama springi, ukikauka unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya urefu wake. Shika mmoja wa utosini, uvute taratibu mpaka unyooke, ndipo uweke vidole. Wanaume wengi wanaokuja saluni kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakilia kwamba hazikui, nikivuta naikuta iko kidevuni.

Kisha jioni ukivua helmeti, igeuze. Okota nywele zilizobaki ndani, ziweke kwenye karatasi nyeupe, uziangalie kwenye mwanga. Yenye kinundu cheupe kwenye ncha moja imetoka na shina lake kwa wakati wake. Hizo usiziogope, kichwa kizima hupoteza 50 hadi 100 kwa siku. Vipande vifupi visivyo na kinundu ndivyo vilivyokatika. Nina hakika utaviona vingi, kwa sababu kisogoni na juu ya masikio ndipo helmeti inapobana. Na kwa upepo wa huko kwenu, naamini chini yake unavaa mzula wa sufu. Sufu hufyonza mafuta na kusugua nywele kila ukigeuza shingo. Usiuache, utaugua bure. Nunua kipande cha satini, fundi cherehani akushonee kwa ndani. Na usiku lala umejifunga satini.

Hilo la kulowesha kila asubuhi liache leo. Unywele umeezekwa kwa magamba madogo madogo, kama vigae. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea, na kwenda na kurudi huko kila siku kunauchosha. Tena unywele mbichi ni dhaifu kuliko mkavu, halafu wewe unaubana na helmeti na kuondoka. Kichwa kisichokauka mchana kutwa ni shamba la mba.

Sasa nyonyo. Mafuta hayaongezi maji, kazi yake ni kuzuia yaliyomo yasitoke. Ukiyapaka kwenye nywele kavu, katika baridi kavu ya Juni hadi Agosti, hakuna ulichokihifadhi. Na nyonyo ni zito, linakusanya vumbi lote la barabara. Chukua mafuta ya nazi au ya parachichi. Ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi za huko utayakuta magumu kama mshumaa. Yayeyushe viganjani kwanza, usiyaburuze kichwani. Parachichi lenyewe, najua Njombe na Rungwe limejaa, wewe ulile tu. Ukiliponda na kulipaka, utachambua vipande siku tatu.

Osha mara moja kwa wiki, siku usiyo na kazi, kwa maji ya vuguvugu na shampuu. Sabuni ya mche ni ya nguo, inafumua yale magamba. Paka kondishena mpaka nywele ziteleze, gawa mafungu manne, uchane kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani ukipanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi. Ukianzia kwenye shina unakaza mafundo yote kwa pamoja, na hapo ndipo utasikia zinalia pa! pa! Zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo.

Zikikauka, suka mistari mitano ya kwenda kisogoni, ilale bapa chini ya helmeti, ukae nayo mpaka siku ya kuosha tena. Isikazwe. Ukiona vipele kwenye mashina, au kukunja uso kunauma, fumua siku hiyohiyo, hata msusi akikwambia utazoea. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa msichana nikavumilia miaka, na pembeni mwa paji langu nywele hazijarudi mpaka leo.

Ukigundua mahali panapong'aa, au duara lenye magamba na muwasho, hapo nenda hospitali, usipake kitu.

Leo vuta unywele wa kisogoni, upime kwa uzi, funga fundo, uandike tarehe. Baada ya miezi mitatu pima tena. Ukikuta umeongezeka kama sentimita tatu, endelea hivyohivyo. Ukikuta haujasogea, njoo Mwanjelwa, na hiyo helmeti uje nayo niione.