Nimewachanganya matetea wapya na kuku wakubwa, sasa ni vita bandani

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa nyumbani niko Kibaha, nina kuku wa kienyeji 14 wanaotaga na jogoo mmoja. Jumamosi nikanunua matetea 8 chotara mnadani, aliyeniuzia kasema wana wiki 9, nikafika nao nyumbani saa tisa mchana nikawaachia humo humo bandani nikijua watazoeana tu, si kuku wote. Jioni naenda kufunga nakuta mmoja kichwa damu tupu, wawili wamejibana nyuma ya viota na wengine hata maji hawajanywa maana kuna koo mmoja mwekundu kasimama kwenye drinka kama askari wa geti. Jirani ananiambia niwapake wote mafuta ya taa wanuke sawa, mwingine anasema niwakate midomo wale wakubwa. Nifanyeje, au niwarudishe?

JIBU: Pole mama. Usiwarudishe, ila kabla hujamaliza kusoma hapa nenda kawatoe hao wanane uwaweke mbali kabisa na wenzao, hata jikoni kwa nje au stoo, popote pasipo na mvua wala paka. Huyo mwenye damu msafishe, mpake GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, na mweke mbali na wenzake mpaka kidonda kikauke maana kuku akiona chekundu hakiachi, hata wale wadogo wenzake watamdonoa.

Mafuta ya taa achana nayo. Kuku wanatambuana kwa macho, wanaangalia kichwa na upanga wa mwenzake, kwa hiyo ukiwapaka utakuwa na kuku wanaonuka na bado wanapigana. Na midomo usikate, shida yako haiko kwenye midomo.

Sasa niseme kitu ambacho hukuuliza, na mimi ndicho kinachonitisha kuliko hizo damu. Umetoa kuku mnadani ukawaingiza siku hiyo hiyo kwenye banda lenye kuku wazima! Kule mnadani wamekutana kuku wa kila kijiji, na kuku mwenye mafua anaweza kupona akaonekana mzima huku bado anaambukiza wenzake, kideri ndo usiseme, kikiingia unaweza kuamka asubuhi unaokota mizoga tu. Kudonolewa kunaua kuku mmoja, kideri kinafagia banda. Kwa hiyo hao wageni wakae peke yao wiki 3 hivi, waangalie kinyesi, macho, pua, na chini ya mabawa kama kuna utitiri. Kila siku hudumia kwanza wenyeji halafu ndo uende kwa wageni, sio kinyume, na viatu vya kule usiingie navyo huku. Chanjo ya kideri ya tone la jicho inatengenezwa hapo hapo Kibaha kwenu, kwa hiyo huna sababu ya kukosa, wape wote wakubwa kwa wadogo kama bado wazima, tone moja jicho moja, halafu unarudia kila baada ya miezi 3.

Tukirudi kwenye ugomvi. Kuku wana vyeo, kila mmoja bandani anajua yeye anamdonoa nani na nani anamdonoa yeye, na kuna Mnorwe mmoja, Schjelderup-Ebbe, alishaandika habari hizi tangu miaka ya 1920. Mgeni akiingia ngazi yote inavurugika inapangwa upya, hilo huwezi kulizuia, ila wa wiki 9 hana mwili wa kushindana na koo anayetaga. Mimi nakushauri usiwaachie moja kwa moja mpaka wafike wiki 14 mpaka 16, wakaribiane umbo. Wakishamaliza zile wiki 3 za kujitenga, wazungushie wavu kona moja ya banda, waonane wasigusane, wale wakiangaliana, walale wakisikiana. Hapo ndo kazi yote inafanyika na ndo watu wengi wanakosa subira.

Siku ya kuwaachia, wapandishe kwenye vichanja usiku, kuku wakubwa wakiwa wamelala, maana kuku gizani haoni vizuri, wote wanane kwa pamoja, usiweke mmoja mmoja. Hii sio dawa, asubuhi watawaona tu, kwa hiyo wewe uwe pale kabla hakujakucha. Weka drinka mbili tatu na fida (vyombo vya chakula) mbili tatu zikae mbalimbali, askari wako wa geti hawezi kulinda zote, tundika na mafungu ya mchicha wahangaike nayo. Wakifukuzana, mmoja akadonolewa akakimbia, waache, ndo kuzoeana kwenyewe. Ukiona damu, au mmoja kabanwa kona hali chakula, ingilia. Na huyo mwekundu akizidi mtoe yeye, sio anayeonewa, mfungie mahali siku 3, akirudi anakuta wenzie washapangana na yeye ndo mgeni. Inafanya kazi kweli, nimeifanya mara nyingi tu. Mayai yakipungua siku hizo usishtuke.

Chakula je? Wakishachanganyika usiwape wadogo leyazi mashi, chakula cha kuku wanaotaga, ina chokaa nyingi inawaharibia figo. Wape wote growazi, chakula cha kuku wanaokua, halafu makombe yaliyopondwa weka kwenye kopo la pembeni, wanaotaga watafuata wenyewe.

SWALI: Wangu washazoeana vizuri ila wale wapya wanalala ndani ya viota, asubuhi mayai yana mavi. Niko Kilifi.

JIBU: Ziba viota jioni ufungue alfajiri, na kwa siku 4 au 5 uwe unawabeba kwa mkono unawapandisha kichanjani. Ila pima kwanza hicho kichanja, kila kuku anataka kama sentimita 20, na mara nyingi mgeni analala kiotani kwa sababu kule juu wakubwa washajaza, sio kwamba hajui kupanda.