Maswali na majibu: Likizo ya familia Kilimanjaro na Hifadhi ya Arusha

Shule zikikaribia kufungwa, maswali ya safari za mlimani huja kwa wingi. Nimechagua yanayogusa watoto, maana ndio wanaosahaulika ratiba inapopangwa.

Twende mwezi gani ili tuuone mlima vizuri?

Mnauliza mwezi, na la maana zaidi ni saa. Hata Januari na Februari kilele cha Kibo huweza kujifunika mapema asubuhi, kisha kikajitokeza tena jua likikaribia kuzama. Amkeni alfajiri. Machi hadi Mei ni masika. Juni na Julai mvua hupungua, lakini upande wa Moshi na Marangu wingu zito linaweza kutanda siku nzima. Basi msiwaahidi watoto theluji. Waahidini mbega na maporomoko ya maji, ambavyo havitegemei anga kuwa jeupe.

Mwanangu ana miaka 7, ana nguvu na anacheza mpira. Anaweza kufika Uhuru?

Hapana. Kanuni hairuhusu walio chini ya miaka 10 kwenda kileleni, na msimtafute mtu wa kuwapindishia.

Tuna siku moja. Asubuhi Hifadhi ya Arusha, mchana uwanda wa Shira kwa gari, usiku tulale Moshi. Watoto wana miaka 3, 6 na 11. Tutawahi?

Mtawahi kuchoka. Mmetoka Dar es Salaam jana, zaidi ya kilomita 500 barabarani, na leo mnataka kuwapandisha watoto hadi mita 3,500 na zaidi. Kule Shira hewa ya oksijeni kwa kila pumzi ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Anayepanda kwa miguu mwili wake hupewa siku kadhaa za kuzoea. Gari halimpi mtu hata siku moja, na watu hudhani kwamba kwa kuwa hawakutembea, mwinuko hauwahusu.

Kuanzia mita 2,500 hivi mtu yeyote anaweza kuanza kuugua. Wa miaka 11 atasema kichwa kinauma. Wa miaka 3 hana maneno hayo: atalia, atakataa chakula, atatapika, atalala saa ambayo si yake, nanyi mtasema amedeka au ni uchovu wa safari. Mkiona hayo juu, shukeni mara moja. Msingoje awe nafuu, wala msimpe dawa ya maumivu mkaendelea kupanda.

Futeni Shira. Siku nzima ipeni Hifadhi ya Arusha. Ina kreta ya Ngurdoto, twiga, nyati, na maziwa ya Momella yenye maji ya magadi ambako heroe hukusanyika. Anga likiwa safi, Kibo huonekana kutoka hukohuko. Ila msishuke garini popote mnapojisikia kupiga picha: kutembea kwa miguu ni pamoja na askari mwenye silaha, na sababu kubwa ni nyati.

Tunaruhusiwa kuwapa mbega ndizi na biskuti?

Hapana! Swali hili limejibiwa hapa tena na tena. Tumbo la mbega lina vyumba vyenye bakteria wanaochachusha majani, na vyakula vyenu vitamu huuvuruga mfumo huo. Kima naye akishazoea kulishwa, kesho atamrukia mtoto wa mwenzenu aliyeshika andazi. Mzazi anayemrushia mnyama chakula ili apate picha anamfundisha mtoto wake kuvunja sheria, tena mbele ya mhifadhi.

Kiingilio tulipe taslimu getini?

Hawapokei taslimu. Bebeni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa kiwango hutegemea uraia na umri. Walio chini ya miaka 5 hawalipi.

Tuliposhuka mlimani breki zilinuka kuungua, kisha pedali ikazama. Fundi anasema breki ni nzima.

Huenda fundi yuko sahihi, na kosa likawa la dereva. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, joto huchemsha mafuta ya breki, mvuke unatokea ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hubanwa, pedali inazama bila gari kusimama. Teremka kwa gia nzito, ile ambayo ungepandia, injini ikushikilie, kisha kanyaga breki kwa vipindi. Zikianza kunuka, egesha pazuri zipoe zenyewe, usizimwagie maji. Na wanaoweka gia huru ili kubana mafuta wakiwa wamebeba watoto nawaambia waziwazi: mnacheza na maisha yao.

Naweza kurusha droni?

Bila kibali, hapana.

Nimbebe mgongoni mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutoka geti la Marangu hadi Mandara?

Mandara, kambi ya kwanza ya wapandaji kwenye njia ya Marangu, iko mita 2,720, na njia hupita msituni kwenye unyevu. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, kwa hiyo Moshi ikiwa nyuzi 30, Mandara inaweza kuwa 18 au chini ya hapo. Wewe utakuwa unatoka jasho kwa kupanda, yeye ametulia mgongoni anapoa, na jasho lako ndilo litakalokudanganya. Simama mara kwa mara umshike vidole, masikio na shingo, ubebe nguo kavu za kumbadilisha na koti la mvua lake mwenyewe. Kwa umri huo ningetembea saa moja tu na kurudi. Mbega wako njiani, hawasubiri Mandara. Ukishikilia kufika, anza saa mbili asubuhi, na saa sita ikikukuta njiani, geuka hapohapo.