Nilipamba sebule, mnunuzi akapanda darini

Jana usiku nimepokea ujumbe wa msomaji wa hapahapa Tabora, na usingizi ukakata. Anasema: "Dada, tunauza nyumba ya marehemu mama pale Ng'ambo. Kaka anataka tuweke marumaru na dari ya jipsamu kwanza ili tupate bei nzuri. Tuna milioni nne. Tuanze na nini?"

Mdogo wangu, poleni kwa msiba. Marumaru muiache. Na jipsamu msiiguse kabisa mpaka umalize kusoma yaliyonikuta mimi Isevya.

Nyumba yetu ya Isevya tulianza kuijenga mwaka 2008, mimi na baba watoto, kwa tofali za kuchoma na mshahara wa kuungaunga. Nyie mnaojenga mnajua. Leo mfuko wa saruji, kesho ada ya mtoto, bati zinakaa chini ya kitanda miezi sita. Kitu pekee ambacho baba watoto hakukubali kukibania ni milango. Alisema Tabora ndiko mninga unakotoka, haiwezekani mtu wa Tabora alale nyuma ya mlango wa mbao laini. Akatafuta mbao upande wa Sikonge, fundi akachonga milango mitano. Mizito, rangi ya asali, na mchwa hakuugusa hata mmoja kwa miaka yote tuliyokaa pale.

Baadaye tukapata kiwanja Ipuli, ujenzi ukafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ukasimama. Najua wengi mnaonisoma mko hapohapo: mnataka kuuza ya kwanza mmalizie ya pili iliyo kubwa. Mwalimu mmoja jirani akaja, akatoa milioni 43, nyumba ikiwa vilevile ilivyo. Nikamkatalia. Dalali alishanijaza maneno, kwamba SGR, ile reli mpya ya kisasa, inaleta watu Tabora, watu wenye hela zao, nikiipamba nyumba haitoki chini ya milioni 52. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Nikaanza. Dari ya jipsamu sebuleni na kwenye korido, milioni 1.6. Marumaru, milioni 2.1. Makabati ya jiko yale ya kung'aa, milioni 2.3. Rangi ndani na nje, milioni 1.1. Milango mitano mipya ya kiwandani, nyeupe, ya kisasa, milioni 1.4. Jumla milioni 8.5, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama. Ile milango ya mninga nilimwachia fundi kwa elfu hamsini kila mmoja. Baba watoto alikuwa safarini. Aliporudi alisimama kwenye korido, akagusa fremu, hakusema neno. Mpaka leo hajalisema hilo neno, na mimi bado nalisubiri.

Miezi ya wateja kuja kuangalia na kuondoka naipita, haina cha kumfundisha mtu. Twende Desemba.

Akaja mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, anatafuta nyumba ya mjini watoto wake wasomee. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nikamkaribisha sebuleni, nimedeki, nimewasha taa zote za kwenye jipsamu. Hakutazama taa. Alitazama juu, karibu na dirisha, ambako palikuwa na duara la njano lenye upana wa sinia. Kwa miaka mingi bati lilikuwa likivuja pale polepole, na dari yetu ya zamani, iliyopakwa rangi ya kahawia, ililificha. Jipsamu ni nyeupe na inanyonya maji kama mkate. Kwa hela yangu mwenyewe nilikuwa nimemwandikia mnunuzi ukutani kwamba paa ni bovu.

Mzee hakubishana. Alimwita fundi wake, kijana mkimya, akaomba ngazi, akapanda darini na tochi. Alikaa kule muda mrefu mno. Aliposhuka alikuwa na kipande cha papi mkononi, zile mbao ndogo zinazoshikilia bati. Akakibana kwa vidole, kikavunjika, ndani ni udongo mtupu. Mchwa. Walishakula mbao za upande mzima wa magharibi, maana maji yakivuja mbao hazikauki, na mchwa hapendi kitu kama mbao mbichi.

Yule mzee alinisemesha kwa heshima ambayo sitaisahau. "Mama, nyumba ni nzuri, lakini mimi nanunua paa na ukuta. Haya mengine mke wangu atayabadilisha." Akatoa milioni 41. Nilimtafuta yule mwalimu wa milioni 43, alishanunua Kiloleni. Nikauza kwa 41.

Nilitumia milioni nane na nusu ili niuze kwa milioni mbili pungufu. Ninaiandika hesabu hii waziwazi kwa sababu nimeona watu wanne mtaani kwetu wakiirudia, na wote wanasema wanaongeza thamani.

Na haikuishia hapo. Kodi. Ukiuza nyumba, mkazi wa Tanzania analipa asilimia 10 ya faida, yaani bei uliyouzia ukitoa gharama zako, na ukarabati unaoongeza thamani ya nyumba unahesabika kwenye gharama hizo. Unahesabika ukiwa na risiti. Mimi nilikuwa na daftari la fundi lenye madoa ya rangi. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi ina msamaha, lakini ni kama faida haizidi milioni 15, na yetu ilizidi. Dai risiti, ndugu yangu. Hata ya misumari.

Sasa sikilizeni, maana hili nalisema kwa uchungu. Mnunuzi haji kununua ladha yako. Anakuja na hofu zake: itavuja? itaanguka? maji yapo? karatasi ni halali? Ondoa hofu hizo kwanza. Paa kwanza. Paa, paa, paa. Panda darini wewe mwenyewe au mtume mtu unayemwamini, akabane mbao kwa vidole kama alivyofanya yule kijana. Mwaka huu mdogo wangu ameuza nyumba yake Cheyo, na nilimsimamia mimi. Tulibadilisha papi zilizooza, tukapaka mbao zote dawa ya mchwa, tukaziba ufa wa kwenye lenta, tukanyonya karo la choo na kulifunika upya. Milioni moja na laki tatu. Sebule tuliiacha na sakafu yake ya saruji nyekundu, tukaisugua tu. Iliuzwa ndani ya wiki tatu, kwa bei aliyoitaka. Hilo najivunia na sitajificha.

Maji nayo. Zamani mji huu ulitegemea bwawa la Igombe, na mtu alizoea kuishi na ndoo. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, kila mnunuzi anafungua bomba kabla hajakaa kwenye kiti. Bomba likikohoa hewa, bei inashuka palepale. Bili iliyolala ilipwe, koki inayovuja ibadilishwe, ni hela ndogo.

Halafu karatasi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme tangu 2021, hiyo haimsumbui mtu sana. Inayosahaulika ni kodi ya pango la ardhi, na bila kuilipa uhamisho wa hati hauendi. Kama ni nyumba ya ndoa, sheria inataka ridhaa ya mwenza, na mnunuzi mwenye akili hatoi shilingi kabla hajaiona saini. Akina mama, tusiuze kwa siri, na akina baba vilevile. Mimi milango tu niliiuza bila kumwambia mwenzangu, na unaona ninavyoibeba.

Rangi? Paka, rangi ya bei ya kawaida, nyeupe au krimu, baada ya paa. Uwanja ufyeke. Jiko liache. Marumaru iache. Na kama una kitu cha mninga ndani ya nyumba, mlango, fremu, hata dirisha la mbao, kisafishe, kipake vanishi, kiache mahali pake. Yule mzee wa Urambo aliuliza kwa nini nyumba ya Isevya ina milango ya kiwandani, na nilishindwa kumjibu.

Nirudi kwako mdogo wangu wa Ng'ambo. Kabla ya fundi yeyote, nani kateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi ya mama? Kama hajateuliwa, nauli na muda wenu viende huko kwanza, kwa sababu bila msimamizi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, na mnunuzi wa maana ataondoka hata mkitandika dhahabu sakafuni. Hiyo milioni nne igaweni hivi: milioni moja na nusu hadi mbili kwa paa na mchwa, laki tano kwa choo na maji, laki tatu rangi, inayobaki isiguswe mpaka mnunuzi apatikane. Kaka usimgombeze. Mwonyeshe makala hii, naye ana nia njema kama niliyokuwa nayo mimi.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda dukani kwa marumaru, azima ngazi. Kisha nitumie picha ya kenchi, hizo mbao zinazobeba paa. Ya sebule sihitaji.